Usipime Manjano kwa Jicho



Hapa kwetu Lubumbashi, mtoto azaliwapo nyumba hujaa watu. Majirani huja na sabuni, mashangazi huja na unga wa bukari, na wazee huja na mashauri. Kila mmoja humfunua mtoto uso, humtazama, kisha hutoa hukumu yake: huyu amefanana na babu; pua ni ya upande wa mama; miguu ni ya mtu mrefu. Hukumu za namna hii hazimdhuru mtu. Lakini iko hukumu moja itolewayo vivyo hivyo, kwa kutazama tu, nayo yaweza kumharibia mtoto maisha yake yote. Ndiyo hii: "Ana manjano kidogo. Si kitu, yatatoka yenyewe."

Hukumu hiyo niliitoa mimi juu ya mtoto wangu wa kwanza. Leo nataka kuwaeleza wenzangu, akina baba na akina mama, jinsi nilivyokosa, na mambo niliyojifunza baadaye, ili wao wawahi pale nilipochelewa mimi.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 2016, tulipokuwa tukikaa Katuba. Alizaliwa salama, kilo mbili na gramu mia tisa, akalia kwa nguvu. Kesho yake tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Likasi kutusaidia, na kwa furaha yake alileta sanduku la bati lenye vikwembe na shuka za kitoto alizozitunza tangu alipomzaa kitinda mimba wake. Ndani ya sanduku alikuwa ameweka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende. Harufu ilijaa chumba kizima. Nilipotaka kufungua dirisha, akacheka akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni harufu ya usafi." Basi mtoto akafungwa katika shuka ile, nami nikanyamaza. Mama mkwe alitupa kilicho bora katika mali yake, wala mimi sikuwa na elimu ya kumzuia.

Siku ya tatu, jioni, mke wangu akaniita. "Baba, njoo utazame macho ya mtoto." Umeme ulikuwa umerudi baada ya kukatika mchana kutwa. Nikamchukua mtoto nikamweka chini ya balbu ya sebuleni, pale pale nilipozoea kusahihisha daftari za wanafunzi wangu kila usiku. Nikamtazama sana. Sikuona neno. Na hata kama niliona kidogo, nilijiambia kwamba watoto wengi huwa hivyo. Mimi ni mwalimu, nimesoma seminari ndogo, nimezoea kuwa mtu anayeulizwa nyumbani. Mke wangu alipouliza kama tungerudi materniti, nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Pia, niseme kweli, mshahara wa mwezi ule ulikuwa haujafika.

Siku ya nne tulimweka mtoto mlangoni apate jua la asubuhi, tukampa na maji ya sukari kwa kijiko, kama walivyotushauri majirani. Ninyi mnaojua baridi ya Juni hapa Katanga, mwaweza kufikiri mtoto wa siku nne alivyotetemeka katika upepo ule. Mchana alilala sana. Ilibidi kumwamsha ili anyonye, naye alinyonya mara mbili tatu akasinzia tena. Sisi tulifurahi tukisema, "Mtoto mpole huyu, hasumbui." Kumbe upole ule ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Siku ya tano alfajiri alikataa ziwa kabisa. Kilio chake kilikuwa chembamba na kikali, si kile alichozaliwa nacho, na mgongo wake ulipinda kwa nyuma kama upinde. Ndipo tulipokimbia. Hospitalini muuguzi hakumtazama chini ya taa. Alimpeleka dirishani, akambonyeza ngozi ya pua kwa kidole, akamfunua macho, kisha akatazama nyayo zake. Nyayo zilikuwa za manjano. Muuguzi hakusema neno, alienda mbio kumwita daktari. Damu ilipochukuliwa na kupimwa, jibu lilikuwa miligramu 31. Wakati ule nambari hiyo haikuwa na maana yoyote kwangu. Nilijifunza maana yake usoni mwa daktari.

Ilihitajika kumbadilishia mtoto damu. Kutafuta damu kulichukua saa nyingi, na usiku ule umeme ulikatika mara mbili, ile taa ya buluu ikazimika, tukangoja jenereta gizani. Mwanangu alipona. Lakini alipofikia umri wa watoto kugeuka waitwapo, yeye hakugeuka. Shingo ilikawia kukaza, na mikono yake hata leo hujipinda anapotaka kushika kitu kwa haraka. Akili yake ni nzuri, na moyo wake ni wa furaha. Lakini hasikii, wala hajapata kuisikia sauti ya mama yake.

Basi, haya manjano ni kitu gani? Kwanza nisifanye watu wachanganye: si ile homa ya manjano iletwayo na mbu. Ni rangi itokayo katika damu ya mtoto mwenyewe. Damu yetu ina chembe nyekundu. Chembe hizo huzeeka na kuvunjika kila siku, na katika kuvunjika kwake hutoka taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kazi ya kuiondoa taka hiyo ni ya ini, nalo huipitisha katika nyongo hata itoke pamoja na choo. Mtoto aliyezaliwa jana ana chembe nyingi kuliko sisi, nazo huvunjika upesi kuliko zetu, na ini lake bado ni changa, halijazoea kazi. Kwa sababu hiyo taka hubaki nyuma, na ngozi hupata rangi. Zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa kwa miezi yao kamili huona manjano katika juma la kwanza, na waliozaliwa kabla ya wakati huyapata zaidi tena. Kwa walio wengi, yule asemaye "yatatoka yenyewe" husema kweli.

Hapo ndipo penye mtego. Kama ugonjwa ungewaua wote, hakuna ambaye angeuchezea. Lakini huu huwapita tisa bila dhara, tukazoea, halafu humwangukia wa kumi. Bilirubini ikizidi sana, hupenya mpaka ubongoni na kuchoma sehemu zile zinazotawala masikio na miendo ya viungo. Tangu mwaka 1903 mtaalamu wa Ujerumani, Schmorl, aliyepasua maiti za watoto wa namna hiyo na kuona kiini cha ubongo kimegeuka manjano, aliupa ugonjwa huo jina. Ubongo uliokwisha kuharibiwa hivyo haurudi tena kama ulivyokuwa. Ni kabla yake tu mtu aweza kuokoa.

Katika hospitali zetu za Kongo waganga huyaita manjano haya kwa Kifaransa "ictère". Neno hilo lilinikumbusha masomo yangu ya Kilatini. Plinius, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha viumbe habari za ndege wa rangi ya manjano mwenye jina hilo hilo. Alisema kwamba mgonjwa wa manjano akimtazama ndege huyo, mgonjwa hupona naye ndege hufa. Seminarini tulicheka sana. Sasa sicheki tena. Mimi nami, karne ishirini baadaye, nilitaka kutibu ugonjwa ule ule kwa kutazama.

Hebu tuone kwa nini jicho halitoshi. Sababu ya kwanza ni ngozi. Watoto wetu ni weusi, na hata wale wanaozaliwa weupeweupe hubadilika siku kwa siku, hivi kwamba manjano hujificha chini ya rangi yao. Sababu ya pili ni mwanga. Balbu na taa ya mafuta zina umanjano wao wenyewe. Chini yake mtoto mzima huonekana mgonjwa, na mgonjwa huonekana mzima. Sababu ya tatu ni mazoea. Anayemtazama mtoto kutwa kucha haoni rangi ikiongezeka, kama vile asivyoona mtoto akirefuka. Na sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: jicho laweza kusema kwamba manjano yapo, lakini haliwezi kusema ni kiasi gani. Hata waganga na wauguzi wa miaka mingi, wakikisia kwa macho, hukosea. Rangi huanza kuonekana bilirubini ifikapo kama miligramu 5 katika desilita moja ya damu, yaani katika sehemu ya kumi ya lita. Kati ya hizo 5 na zile 31 za mwanangu kuna safari ndefu, na jicho langu liliiita yote kwa jina moja: "manjano kidogo."

Babu yangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa mjini, siku za Union Minière, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Alizoea kutusimulia kwamba mawe ya shaba hupendeza macho kwa rangi zake, kijani na buluu, lakini hakuna bwana aliyeyanunua kwa uzuri wa rangi. Kidogo kilichukuliwa, kikasagwa, kikapelekwa maabara, ikatoka nambari. Na nkambo yangu wa kike alisimulia jinsi akina mama wa kambi walivyopanga mstari mbele ya masista, watoto mgongoni, ili watoto wawekwe kwenye mizani. Hapakuwa na mama aliyeruhusiwa kusema, "Wangu amenenepa, naona kwa macho." Mji wetu basi umeijua habari ya kupima tangu zamani. Iweje tupime jiwe, tusipime damu ya mtoto?

Vipimo viko vya namna kadhaa. Kilicho cha hakika ni kile cha damu. Muuguzi hutoboa kisigino cha mtoto au huchukua kidogo katika mshipa, damu huzungushwa katika mashine mpaka maji yake ya juu yajitenge, kisha rangi ya maji hayo hupimwa. Kipimo cha pili hakimwagi damu. Ni chombo kidogo kama tochi, ambacho huwekwa juu ya paji la uso au kifua cha mtoto, hutoa mwanga mara moja, na husoma mwanga unaorudi. Bilirubini humeza mwanga wa buluu. Kwa hiyo buluu inayorudi ikipungua, chombo hujua kwamba manjano yamezidi. Wajapani walikitoa chombo hicho mnamo mwaka 1980. Juu ya ngozi nyeusi mara nyingi husoma zaidi ya ilivyo kweli, basi kikionyesha nambari ya juu, damu huchukuliwa kuthibitisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba kila mtoto apimwe kwa chombo hicho kabla ya kuruhusiwa kutoka materniti. Kwetu vyombo hivyo si vingi, maana bei yake ni kubwa.

Lakini maskini naye hakuachwa bila kitu. Tangu mwaka 1960 kuna kipande cha plastiki angavu chenye mistari ya manjano, kutoka hafifu mpaka kali. Hubonyezwa kwenye pua ya mtoto, na muuguzi hulinganisha rangi ya ngozi na mistari. Hakisemi kila kitu, lakini ni afadhali kuliko kukisia. Na majirani zetu wa Malawi, katika hospitali kubwa ya Blantyre, wamejaribu kifaa kidogo ambacho hupima tone moja la damu lililodondoshwa kwenye kipande cha karatasi. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, nayo yalikaribiana sana na yale ya maabara.

Yapasa kujua pia kwamba nambari peke yake haitoshi. Ni lazima iende pamoja na saa za mtoto. Kitabu cha waganga cha Shirika la Afya la Dunia chafundisha hivi. Manjano yoyote yanayoonekana siku ya kwanza yanahitaji matibabu mara moja, bila kubishana juu ya nambari. Siku ya pili, mtoto mzima aliyetimiza miezi yake huwekwa chini ya taa akifika miligramu 15. Kuanzia siku ya tatu ni 18. Akifika 25 hufikiriwa kubadilishiwa damu. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliye na ugonjwa mwingine, hutibiwa kwa nambari za chini zaidi. Kwa hiyo miligramu 12 za siku ya nne zaweza kuwa si kitu, na 12 za siku ya kwanza zikawa hatari kubwa. Ndiyo maana mzazi anapofika hospitali sharti aseme siku na saa ambayo mtoto alizaliwa.

Na jua je? Wengi wataniuliza, maana wazee wetu husifu jua, nao hawakukosea kabisa. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mkuu aitwaye Ward alizoea kuwatoa watoto waliozaliwa kabla ya wakati uani, wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa mahali pamoja palipobaki manjano sana. Ni pale palipofunikwa na pembe ya shuka. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ilisahauliwa dirishani juani, na ilipopimwa bilirubini yake ilikuwa imeshuka. Daktari Cremer na wenzake wakatengeneza taa za buluu, wakaandika habari zake mwaka 1958. Mwanga huo huigeuza bilirubini iwe ya namna ambayo mwili waweza kuitoa bila kulitaabisha ini. Taa zinazookoa watoto wetu leo zimetoka katika uangalifu wa muuguzi yule.

Walakini, kuona njia si kufika. Jua la mlangoni halina kipimo. Leo lipo, kesho kuna wingu. Asubuhi lina baridi, adhuhuri laweza kuichoma ngozi. Na mtoto aliyevikwa nguo mpaka shingoni hupata mwanga usoni tu. Huko Nijeria waganga walitengeneza mahema yenye karatasi maalumu inayopitisha mwanga wa buluu na kuzuia miale mibaya, wakawalaza humo watoto wasio mahututi huku wauguzi wakipima joto na damu. Mwaka 2015 walionyesha kwamba njia hiyo yaweza kufanya kazi vizuri kama taa. Angalieni lakini: walipima. Jua lao lilikuwa dawa iliyo mikononi mwa wauguzi. Jua langu lilikuwa njia ya kuahirisha safari ya hospitali.

Sasa nirudie ile harufu ya naftalini. Mwanangu alipopata nafuu, daktari aliniuliza juu ya nguo zake, nami nikashangaa. Akanieleza kwamba watu wengi katika nchi zenye malaria huzaliwa na upungufu wa kitu fulani kinacholinda chembe za damu. Waganga hukiita G6PD. Duniani wenye upungufu huo hukadiriwa kuwa kama milioni 400. Upungufu huo humkinga mtu kiasi fulani na ukali wa malaria, na mwenye nao aweza kuishi hata uzeeni bila kujua. Huwapata zaidi wanaume, nao huurithi kwa mama zao, ambao mara nyingi hawaoni dalili yoyote. Lakini mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya naftalini, au akivikwa nguo zilizolala nayo, chembe zake zaweza kuvunjika kwa wingi, na manjano yakapanda ghafula. Dawa kadhaa pia huleta shida hiyo, kama primakwini ya malaria. Baadaye mwanangu alipimwa, akaonekana anao upungufu huo. Daktari hakusema kwamba shuka ile peke yake ndiyo iliyoleta yote, wala mimi sisemi. Mama mkwe wangu aliposikia habari hiyo alilia, nikamwambia neno ninaloliamini mpaka leo: shuka ililetwa kwa upendo, lakini kuchelewa kulikuwa kwangu.

Mwaka 2021 tulipata mtoto wa pili, msichana. Safari hii tuliziba ufa mapema. Vikwembe na shuka vilifuliwa mara mbili na kuanikwa juani siku nyingi, na naftalini haikuingia nyumbani kwetu tena. Kabla ya kuzaliwa tulimwambia mkunga habari za kaka yake, maana familia iliyopata mtoto wa manjano makali yaweza kupata mwingine. Mke wangu alimnyonyesha tangu saa ya kwanza, kisha mchana na usiku, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, bila maji wala sukari. Maziwa ya kwanza humfanya mtoto apate choo, na pamoja na choo taka hutoka.

Siku ya pili, mchana, nilimchukua binti yangu mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa mchana lakini si juani. Nikambonyeza kwa kidole ngozi ya pua, kisha ya kifua, na kutazama rangi kabla damu haijarudi. Nikatazama weupe wa macho na fizi. Nilidhani naona kitu, lakini sikuwa na hakika. Safari hii kutokuwa na hakika ndiko kulikonipeleka hospitalini. Walipima, wakapata miligramu 16. Akalazwa chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa yasidhurike, uchi isipokuwa nepi. Mke wangu alimtoa kumnyonyesha tu. Baada ya siku mbili alishuka hadi 9, akarudi nyumbani. Leo anaimba kutwa nzima mpaka tunamwomba anyamaze, kisha tunatazamana na mama yake, tunamwacha aimbe.

Wenzangu wazazi, naomba niwaachie machache ya kushika. Msitoke materniti bila kuuliza kama mtoto ametazamwa manjano, na siku gani mrudi. Kawaida mtoto atazamwe tena kati ya siku ya pili na ya tatu, hata akionekana mzima. Nyumbani mtazameni kila siku katika mwanga wa mchana, machoni, kwenye fizi, viganjani na nyayoni. Akiwa na manjano siku ya kwanza, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano siku yoyote, nendeni hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo akilala kupita kiasi, akikataa ziwa, akiwa na joto la homa, akilia kwa sauti kali, au akipinda mgongo. Msingoje mshahara, msingoje Jumatatu. Na manjano yakizidi majuma mawili, hasa kama choo ni cheupe kama majivu na mkojo unatia nguo rangi, huo ni ugonjwa mwingine wa ini unaotaka daktari upesi.

Kwa akina baba nina neno la zaidi. Mara nyingi mama ndiye aonaye kwanza, na baba ndiye aamuaye. Mke wangu aliniita siku ya tatu. Kama ningalimsikiliza yeye kuliko kujisikiliza mimi, mwanangu huenda angalikuwa anasikia leo. Kuuliza si ujinga, na kurudi hospitali bure mara kumi si hasara kama kukosa mara moja.

Mwanangu sasa yuko shuleni pamoja na watoto wenzake wasiosikia, naye amenifundisha mimi, mwalimu, kusema kwa mikono. Hakuna siku anayonilaumu, kwa kuwa hajui. Siku moja atakapokuwa mkubwa nitamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa.

Basi wewe uliye na mtoto mchanga nyumbani leo, weka gazeti chini, umchukue mlangoni kabla jua halijatua, umtazame. Na ukiwa na shaka, usiite mzee wala mwalimu. Mpeleke apimwe.